Waliogopa Kumgusa

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku kijijini Akheri ng'ombe amezaa, ila mimi nguvu zinaniishia. Uliniuliza kwa nini marehemu bibi yako hakuniacha peke yangu karibu na moto. Jambo hilo nimewaficha wote, na sitaki kufa nalo.

Juzi nilitembelea kituo cha watoto walioungua, mjini Arusha. Binti mmoja pale alikuwa ameangukia mafigani nyumbani kwao kwa kifafa. Nikamuuliza mama yake, "Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwepo, babu. Tuliogopa kumgusa, angetuambukiza."

Watu wazima, wamesimama wanamtazama mtoto akiungua! Kifafa hakiambukizi! Mimi ninacho tangu utotoni. Bibi yako alinishika kila nilipoanguka, miaka yote ya ndoa yetu, na hakuambukizwa.