Mikono Juu, Mlinzi Wangu

Mlinzi wangu mpendwa,

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza, ungecheka, halafu mtandao wa huko Sumbawanga ungetukata katikati, na mimi nina jambo nataka nilifikishe mwisho. Kwa hiyo kaa kitako, Lazaro. Kama umeshika madaftari ya wanafunzi wako, weka chini. Sisi huku Dodoma hatujambo. Upepo ni uleule, vumbi ni lilelile, na wewe tu ndiye hupo. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Wenzangu wa timu wameisoma kabla yako, maana wao ndio mashahidi, na mmoja ameshaanza kulia bila sababu.

Unakumbuka siku ya kwanza hapa chuoni? Ninyi wa mpira wa kikapu mlikuwa mmekaa pembeni mkingoja sisi wa mpira wa pete tuwapishe uwanja. Mimi nilikuwa mfungaji, tena mfungaji mzuri, sijisifu. Ukiniacha peke yangu mbele ya goli, mpira ulikuwa unaingia hadi watu wanachoka kupiga makofi. Tatizo lilikuwa mlinzi. Mfungaji akishika mpira, mlinzi wa upande wa pili husimama mbele yake na kunyoosha mkono juu ili amzuie. Basi mkono ule ukiinuka tu, mimi nafumba macho, mabega yananipanda hadi masikioni, na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Wenzangu walinibatiza jina la Bingwa wa Mazoezi. Mwalimu wa michezo alishasema nikiendelea hivyo nitakaa benchi mpaka nihitimu.

Wewe ukanifuata, mrefu kama nguzo ya umeme, ukauliza, "Dada, mbona unafumba macho?"

Nikakwambia ni vumbi.

"Vumbi gani hilo linalongoja mkono uinuke?"

Nilikuchukia siku nzima. Nilikwenda bwenini nikawaambia wenzangu kuna Mgogo mmoja wa Miyuji hana adabu, kashiba mlenda anatafuta wa kumchokoza. Kumbe nilichokuwa nakichukia ni kwamba umeona. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameona.

Kesho yake nikakukuta umekaa chini ya goli letu, kwenye sakafu, miguu umeikunja, mikono yote miwili juu. Wenzangu wakauliza kama umekamatwa na polisi. Ukasema, "Mimi ni mlinzi mfupi. Nitakua taratibu. Haya, funga." Nilicheka hadi nikaudondosha mpira. Ni vigumu kumwogopa mtu aliyekaa chini kama anangoja kupewa uji. Nikarusha, macho wazi, ukaingia. Ukakaa hivyo hivyo siku nyingi, suruali yako ikawa nyekundu kwa vumbi, na mimi nikafunga mpaka nikaona aibu kumfunga mtu aliyekaa.

Halafu ukaanza kukua. Ukapiga magoti. Ukaleta kiti cha plastiki cha mama muuza chai, ukaketi. Kila ulipopanda kidogo, macho yangu yalirudia ujinga wao, na wewe ukashuka tena. Hukuniambia "jikaze" hata mara moja. Sijui kama unajua hilo lilikuwa kubwa kiasi gani kwangu.

Ndipo jioni moja, tukitafuna karanga kwenye ngazi za uwanja, nikakusimulia Kibaigwa. Kwamba wazazi wangu walipofariki nikiwa mdogo nilichukuliwa na baba mdogo, dalali wa mahindi pale sokoni. Kwamba siku mahindi yakienda vizuri alikuwa mtu wa soda na maandazi, na siku yakienda vibaya mkono wake ulikuwa haungoji nikosee. Kwamba bibi, mzaa mama yangu, alikuja kututembelea siku moja, akaona mgongo wangu, akanifunga kanga na kunipandisha lori la mahindi bila kuaga mtu. Ndivyo nilivyokulia Chemba.

Nilingoja useme pole. Watu husema pole, halafu hawajui pa kuweka macho. Wewe ukamenya karanga, ukanipa, ukauliza, "Mkono gani?"

"Wa kulia."

Basi. Kesho yake ulinyanyua mkono wa kushoto peke yake. Ule wa kulia uliuweka mgongoni, na ukaendelea kuuweka huko hadi mimi mwenyewe nilipokwambia siku moja, "Haya, ulete na huo mwingine, nimechoka kuuwazia." Nafikiri nilianza kukupenda pale kwenye karanga. Wenzangu wanasema ni kwenye kiti cha plastiki. Wao wasubiri barua zao.

Na ile mechi, jamani. Chuo cha wageni kilikuja na mlinzi mrefu, mikono yake ilikuwa inaanzia hapa na kuishia mawinguni. Mara ya kwanza nikapewa mpira, akanyoosha, nikafumba. Uwanjani kote nikasikia sauti yako moja tu: "Huyo amekaa chini!" Watu wakakugeukia kama umerukwa na akili. Mimi nikafungua macho, nikamwona yule dada vizuri. Alikuwa na jasho kwenye pua na hereni ndogo aliyosahau kuivua. Nikafunga. Nikafunga tena. Mechi yenyewe tulipigwa vizuri tu, lakini tulivyocheza ngoma pale uwanjani, wageni waliulizana wenyewe kwa wenyewe nani ameshinda.

Tangu hapo ukaingia tabia ya kutangaza. Ukitaka kuniwekea mkono begani unasema kwanza, "Mkono unakuja." Ukitaka kunitoa jani kwenye nywele, "Mkono unakuja." Kanisani, kwenye foleni ya chakula, mbele ya wahadhiri. Nilikuwa nikilalamika kwamba unatangaza kama kondakta, lakini leo nakuambia ukweli: mtu hajawahi kunitunza hivyo. Nilikuwa nikirudi chumbani najifunika shuka na kutabasamu peke yangu.

Nikakupeleka Chemba. Ulikuwa umejifunza salamu ya kilugha chetu, na ulimi wako ukagoma kabisa kupiga ile milio ya kudatisha ulimi iliyo ndani ya maneno yetu. Bibi alikusikiliza kwa heshima, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Akaniambia, "Huyu mwache na Kiswahili chake, asije akajing'ata." Alikupenda hapo hapo. Ulipomuuliza wazee wako wapeleke posa wapi, kicheko kikaisha. Kwa taratibu zetu wazee huenda upande wa baba, na upande wa baba amebaki mmoja tu, yule wa Kibaigwa. Yeye ndiye wa kuketi kwenye kiti cha baba, kupokea wageni na kusema nimekubali kumtoa binti yangu. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Stendi, siku unaondoka kwenda kazini, ulisema, "Rehema, wazee wangu watabisha mlango utakaonionyesha. Hata ukichelewa." Nikakujibu kwamba basi litakuacha. Hilo ndilo jibu ulilosafiri nalo, maskini, mpaka Sumbawanga.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nimekwenda Kibaigwa, peke yangu. Malori yamejaa, magunia yamepangwa, makuli wanapishana, na baba mdogo yuko pale pale, mvi zimemjaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, akanishangaa, na nilipomwambia nimepata mchumba akafurahi kwelikweli. Akauinua mkono juu, ule wa kulia, kumwita mtu aniletee soda.

Nikangoja macho yafumbe. Hayakufumba, Lazaro. Niliutazama mkono ule tangu ulipoanza kupanda mpaka ulipofika juu. Una vumbi la mahindi kwenye vidole. Kifungo cha mkono wa shati kimekatika. Ni mkono wa mzee.

Nikamwambia, "Baba, wazee hawatakuja hapa. Watakwenda Chemba, kwa bibi. Yeye ndiye atakayenitoa. Wewe unajua kwa nini."

Mkono ukashuka polepole. Akatazama magunia, akasema, "Najua." Baadaye akauliza, "Soda utakunywa?" Nikasema nitakunywa. Nikainywa yote, maana ilikuwa ya baridi na jua lilikuwa kali, nikamuaga. Kama nimemsamehe sijui, sikuwa nimefuata hilo. Lakini ndani ya basi nilicheka peke yangu, abiria wa pembeni akahamia kiti kingine.

Bibi nilipomweleza aliomba nimtolee ile kanga yake mpya sandukuni aone kama imeliwa na mende. Anasema waje, amelea yeye, atauliza yeye, na mshenga wenu awe mtu wa kifua, maana maswali ameshaanza kuyapanga. Anataka pia uirudie ile salamu. Anasema hajacheka hivyo tangu siku ile.

Kwa hiyo mlango ndio huo, wa bibi. Waambie wazee wako Miyuji wajiandae, na wewe ukifunga shule uje. Ukishuka stendi, nyoosha mikono yote miwili juu kadiri ulivyo mrefu, na safari hii usitangaze kitu. Nitakuwa nimesimama mbele yako nakutazama.

Wako, na neno hili nimekuchelewesha nalo sana,

Mchumba wako,
Rehema