Meno ya Buti Zangu na Paa la Mama Gwandu

Kansay, Karatu
Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza

Kwako Mama Aikande,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ni ndefu, na goti lako lile la kushoto halipendi kusimama. Linaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi? Na yule ng'ombe wa madoa alizaa dume au jike? Huku mimi ni mzima sana. Sista wa zahanati alinipima presha juzi akasema, "Mzee, wewe utatuzika sisi." Nakuambia ili usipate wasiwasi, sijisifu.

Naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa hapa alitaka kuniandikia, nikamwambia mke ni wangu na kalamu ni yangu. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini hawa waliomaliza la saba hawanishindi kuunga herufi. Ukiona mstari umepinda ni meza hii, ina mguu mmoja mfupi.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Uliuliza neno moja tu, kama Krismasi hii nakuja au siji, maana ya mwaka juzi sikuja na ya mwaka jana sikuja, na watu wa kanisani wameacha hata kukuuliza habari zangu. Najua. Mwezi wa kumi na mbili Wachagga wote wa Karatu wanapanda magari kwenda nyumbani, wenye maduka, madereva, hata wale wa hotelini, mimi nabaki hapa na kurunzi nalinda geti la zahanati. Miezi mitano sikukujibu. Labda ulifikiri nimekasirika. Sikukasirika, nilikuwa nasubiri mvua. Nitakueleza kwa nini, na jibu lako liko mwishoni. Usiruke kurasa kama unavyofanyaga.

Kwanza nikuambie kweli moja. Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba mguu umevimba kwa sababu ya mwiba. Haukuwa mwiba. Nilianguka.

Unajua kwamba kazi yangu hapa ni ulinzi, lakini kila mwezi siku moja nabeba deli la chanjo, lile sanduku lenye mabonge ya barafu ndani, nalipeleka kitongoji cha chini, mimi mbele na Sista nyuma na mizani yake ya kupimia watoto. Gari halifiki kule. Njia ni ya kuteremka tu, saa nzima na nusu, na udongo wake ni mwekundu, ukilowa unakuwa kama sabuni ya mche iliyosahauliwa kwenye ndoo. Siku hiyo nilikwenda na mgongo mpaka chini na deli likaja juu yangu. Chupa za chanjo zikavunjika zote. Watoto wa kule wakarudi makwao bila kuchomwa.

Sista ni binti wa Singida, mpole, umri wake ni kama wa Aikande wetu. Akaniambia, "Baba, mwezi ujao nitatafuta mtu mwingine wa kubeba."

Nikamwambia, "Mtafute. Ukimpata anayejua mlima kuliko mimi, nionyeshe nimsalimie."

"Mlima unaujua, baba. Matope ndiyo huyajui."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mguu. Mimi, niliyewabebea wageni mizigo Kibo miaka ishirini na miwili, naambiwa na mtoto wa nchi tambarare kwamba sijui kutembea. Ndipo nikayakumbuka yale meno.

Unayajua meno yenyewe, wewe ndiye unayeyajua kuliko watu wote. Yale ya chuma niliyopewa na mgeni siku yangu ya mwisho ya kazi pale geti la mlima, unayafunga chini ya buti kwa mikanda, nane mguu huu na nane mguu huu, yakishika barafu hutoki. Nilikuja nayo huku ndani ya gunia bila kukuambia. Mwezi wa nne nikayatoa, nikayapaka mafuta, nikamwambia Sista nipe deli mara moja tu, nikianguka nafungasha vitu vyangu.

Watu wa hapa wakacheka sana. Hawa Wairaqw mzee wanamwita akoo. Mmoja alikuwa anapalilia mahindi, akapiga kelele, "Njooni muone, akoo amevaa reki!"

Nikamjibu, "Reki hii imefika mahali ambapo hata mawazo yako hayajafika."

Nikateremka. Mama Aikande, sijateleza hata kidogo. Meno yanazama, yanashika, unayang'oa, unakwenda. Sista akawa anakanyaga kwenye matundu yangu kama ngazi, na mara mbili alitaka kwenda chini akanidaka koti, mimi nimesimama kama nguzo ya simu. Mvua nyembamba, ukungu mzito, huoni hatua kumi. Karibu na kitongoji nikaona mbele yangu mahali pazuri pa sawa, pana majani mafupi, nikasema hapa nakata moja kwa moja. Sista akasema, "Baba, njia inapita kushoto."

Nikamwambia nilikuwa napanda Kibo kabla hajazaliwa.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne mguu wa kulia ukazama mpaka kwenye kifundo. Nikauvuta, ukatoka na bonge la udongo, na kutoka chini ya ardhi nikasikia sauti ya mwanamke.

"Nani yuko kichwani kwangu?"

Nikauliza, "Wewe uko wapi?"

"Mimi niko nyumbani kwangu. Wewe ndiye useme uko wapi."

Nilikuwa nimesimama juu ya nyumba ya watu. Nitakueleza, maana kwetu hakuna kitu kama hicho. Wazee wa hapa walikuwa wanachimba nyumba ubavuni mwa kilima. Mlango uko upande wa chini, na paa ni miti, nyasi na udongo, limelala sawa na kilima na majani yanaota juu yake. Zimebaki chache. Hii ilikuwa ya Mama Gwandu, bibi mjane, mkubwa wangu kidogo, na ndiyo hiyohiyo tuliyokuwa tunaipelekea chanjo, maana ndiyo kubwa na ndiyo haivuji. Nilikuwa nimeingia humo kwa mlango mara nyingi na sikujua paa lake liko wapi.

Nilipozunguka nikaingia, nikakuta kina mama wameketi na watoto wao wachanga. Udongo ulikuwa umeanguka kwenye sufuria ya uji wao. Maji yalikuwa yanatona mahali panne, na kila mahali palikuwa na mtu anasogeza mtoto.

Sikutaka kuonekana mjinga mbele ya watu. Nikasema, "Hii ni nyumba gani isiyoonekana?"

Mama Gwandu akasema, "Babu zetu waliijenga hivi ili Wamasai wakija kuchukua ng'ombe wasiione. Na hawakuiona miaka yote. Umeiona wewe, kwa mguu."

Kina mama wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Kisha akasema, "Basi sema pole, akoo, uketi, tupike uji mwingine."

Nikasema, "Paa lako ni bovu."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Gwandu akamwachia Sista amalize kazi ya siku ile, watoto wakachomwa wote, na tulipokuwa tunafungasha akatuambia nyumba yake haitapokea tena chanjo mpaka aliyetoboa paa aje alikanyage na kulifunga kwa miguu yake mitupu, na aseme pole. Mimi nikabeba deli langu. Nilijiambia nimeshinda, kwa sababu sikuanguka.

Mwezi wa tano hatukwenda. Ikabidi watu wa chini wapande wenyewe kuja zahanati. Nilikuwa getini kama kawaida. Mama mmoja alifika mwisho, mtoto mgongoni, ametapakaa matope toka kichwani, na mkono wake mmoja unaning'inia, bega limetoka mahali pake. Aliteleza njiani akaangukia ubavu ili asimlalie mtoto. Mtoto alikuwa mzima, analia tu. Nilidhani mama huyo atanitukana. Akapita karibu yangu akasema, "Shikamoo, akoo." Nikaitikia nikiangalia buti zangu.

Usiku huo hakuna kilichotokea. Kesho yake asubuhi nikateremka.

Pale juu ya nyumba kuna jiwe kubwa. Nikaketi nikayavua meno, nikavua na buti, nikayaacha hapo. Nikabeba udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na majivu, nikachanganya, nikaanza kukanyaga. Mama Gwandu akaleta kigoda chake akaketi pembeni kama msimamizi wa barabara.

"Hapo rudia."

"Hapa?"

"Hapo. Na kule. Usiruke, akoo, huchezi ngoma."

Tukaendelea hivyo mpaka jua likafika utosini. Nikamwambia kazi imekwisha. Akaliangalia paa, akaliangalia tena, akasema, "Miguu imefanya kazi yake. Na mdomo?"

Nikasimama. Wewe unanijua. Miaka arobaini na moja sasa tangu tufunge ndoa na neno hilo hujalisikia kwangu, hata nilipomwuza yule mbuzi wako. Nikafuta matope ya mguu mmoja kwa majani, nikafuta na wa pili. Kisha nikasema, "Pole, Mama Gwandu. Nilikosea. Nilioneshwa njia nikakataa."

Akasema, "Haya, uji unapoa."

Basi. Ilikuwa hivyo tu, nikanywa vikombe vitatu. Nilipokuwa napanda kurudi ndipo likanijia lile la nyumbani, na nikaketi chini katikati ya njia kama mlevi.

Unakumbuka, sakafu. Aikande ametuletea saruji, fundi ameisawazisha vizuri, nyumba yetu ya kwanza yenye sakafu tangu tuzaliwe sisi wawili. Wewe ukasema mtu asiingie mpaka keshokutwa. Jioni kaka yako akaja, na mimi nikataka aone meno yanavyoshika, nikatembea hatua nne kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati. Ukasimama ukaangalia vile vishimo. Ukasema, "Sema pole tu, Baba Aikande, yaishe." Nikasema saruji ni mbovu. Wiki iliyofuata nikaja Karatu, nikiwaambia watu nimefuata kazi.

Mama Gwandu alikuwa ameniambia maneno yaleyale yako, na mimi nikamjibu jibu lilelile langu. Wala ninyi wawili hamkuandikiana barua.

Katika barua zako zote hujawahi kunilaumu. Umeandika tu, vishimo vipo, vumbi linakaa, navifagia kwa kijiti. Nilisoma hapo mara nyingi.

Sasa nikueleze kwa nini sikujibu. Paa nililolikanyaga lilikaa kiangazi chote likiwa kavu, na paa kavu halisemi kitu. Sikutaka kukuahidi kuziba sakafu yako kabla sijajua kama kazi yangu inashika. Wiki iliyopita mvua ya kwanza ikaanguka, kubwa, ya upepo. Nikateremka mimi peke yangu, nikaketi ndani kwa Mama Gwandu chini ya mahali penyewe, nimeinua uso. Nikakaa mpaka shingo ikauma.

Akaniuliza, "Akoo, unasubiri nini?"

"Nasubiri livuje."

"Halivuji. Nenda nyumbani."

Jibu lako ni hilo. Nakuja. Yule mtoto wa shangazi yangu anayeendesha wageni kwenda kreta kuona wanyama anateremka Moshi siku tatu kabla ya Krismasi, na amenipa kiti cha mbele, kwa heshima. Ndiye anayekuletea barua hii pia, mpe ndizi za kutosha. Mwambie Aikande asimwite fundi. Mniwekee ndoo ya mchanga na saruji kidogo, nitaziba mwenyewe, kishimo kimoja kimoja, na wewe utaketi pembeni na kigoda uniambie rudia hapo.

Kazi ya deli bado ni yangu, usifikiri nimenyang'anywa. Ila meno anavaa Sista, mikanda tumeikaza ikamtosha, anatangulia yeye na mimi namfuata kwenye matundu yake. Kiongozi ni mimi, ila kwa nyuma. Tukifika kwenye lile jiwe anayavua, ndipo tunazunguka kushoto. Ni sheria yangu hiyo, mimi ndiye niliyeiweka.

Nisalimie Aikande na mumewe, na wajukuu, wasipande ule mparachichi. Nisalimie kaka yako shemeji yangu, mwambie aliyoyaona siku ile asiyahadithie tena, amechoka kuyahadithia. Nisalimie mzee wa kanisa jirani yetu, na dada yangu wa kule mtoni kama bado ananuna. Sista anakusalimu, anasema anataka kukuona mwanamke uliyeniweza.

Karatasi inakwisha na neno lenyewe sijaliandika. Nimeliacha mwisho kama dawa chungu.

Pole, Mama Aikande. Saruji haikuwa mbovu. Ilikuwa mbichi, na ulikuwa umeniambia.

Ni mimi mumeo,
Baba Aikande

Meno nimemwachia Sista. Huko nakuja na miguu tu.