Isale la Karibu na Maji

Igowole, Mufindi

Dada yangu mpendwa Evarista,

Kamwene dada. Natumaini barua hii itakukuta umeshapona ile malaria, na shemeji Bujiku naye mzima, yeye na ng'ombe wake. Sisi huku baridi tu, ukungu unaingia mpaka jikoni. Mwanangu Happy ameota meno mawili, ananing'ata hana huruma. Najua tangu msiba wako hupendi kusikia habari za nyumbani, ila hii soma mpaka mwisho. Nimempa Tupokigwe anayekuja Chimala kuchukua mchele, akupe mkononi. Ningepiga simu, lakini mambo haya ni ya wanawake, na simu yako anapokea kila mtu.

Dada, nimepata kibarua. Wamekuja watafiti kwenye msitu wa ukoo, ule wa bondeni ambao baba mdogo Aroni anataka kuufyeka apande parachichi. Kiongozi wao ni dada mmoja wa Mbeya, anaitwa Prisca, mpole, hata ananiruhusu nimbebe Happy mgongoni kazini. Tunachuma majani, tunayapima unene, upana na uzito. Mume wangu Liberatus alicheka, akasema mbuzi wake wanaifanya kazi hiyo bure. Baba mdogo naye akauliza kama tukimaliza majani tutapima ukungu.

Ila Prisca alinieleza nikaelewa. Jani pana na laini ni la mmea uliozoea kivuli. Jani nene na gumu ni la mmea unaovumilia jua. Msitu wenye majani ya tabia nyingi huwa na miti ya aina nyingi, na ndani yake ndege, vyura na wadudu wengi. Huwezi kumhesabu kila kiumbe, ndiyo maana unayauliza majani. Akasema majibu yakiwa mazuri, ataiomba serikali ya kijiji eneo lote lililo ndani ya kamba waliyoizungusha kwenye miti lisiguswe.

Kule chini karibu na maji pana masale, ile mimea ya majani marefu, dada, mengi, yamesimama katikati ya miti mikubwa. Bila kufikiri nikachuma jani moja, refu kama mkono wa mtoto, nikalilaza kwenye karatasi nilipime. Prisca akasema isale haliji lenyewe mahali kama pale, limepandwa na mtu, hivyo pengine palikuwa na nyumba, na kona ile wataiacha nje ya kamba. Shangazi Veneranda, ambaye tupo naye kazini, kisu kikamdondoka. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma yangu amemshika Happy mguu, kama anaogopa atabaki.

Tangu siku hiyo, tukifika pale Happy anageuza shingo, anamchekea mtu nisiyemwona. Angelia ingekuwa afadhali. Mimi nikawa nasikia pumzi za mtoto aliyelala. Nikigeuka, ni maji tu. Mwisho nikamwambia shangazi kibarua naacha.

Ndipo akanikalisha, akanieleza. Unajua mtoto akifa kabla ya meno, wanaume hawaiti msiba, na mama mzazi haonyeshwi alipolazwa, eti asije akakaa analia pale akafunga kizazi. Wanawake wanamzika wenyewe, bila tuta, wanapanda isale. Ndiyo yale. Kila isale lina mama yake, dada, na wengine tunasalimiana nao sokoni. Nikamsihi awaambie wanaume kabla hawajafyeka. Akasema heri afe kuliko kuyatamka mbele yao.

Basi nikamfuata Prisca, mwanamke kwa mwanamke, nikamnong'oneza. Akaifungua kamba kwenye mti, akaizungusha mpaka ng'ambo ya maji. Akasema msitu uliotunzwa na watu nao ni msitu. Kikao cha kijiji ni baada ya kuvuna mahindi. Sijui wataamua nini, namwomba Mungu.

Sasa kaa chini kwanza, dada. Ulimkasirikia mama kwa sababu hakukwambia Adrian wako alilazwa wapi, na hata kumzika mama hukuja. Shangazi alikuwepo siku ile. Isale la karibu kabisa na maji, lile nililolichuma jani, ndilo la Adrian. Limenipita urefu. Jani nimelirudisha pale chini, nikamwomba radhi, nikamwambia mimi ni mama yake mdogo. Happy akacheka tena, na safari hii sikuogopa.

Njoo kabla ya kikao. Shangazi anasema yeye hajui lolote, lakini ameshaosha blanketi la kitanda chako.

Nisalimie shemeji na majirani. Shemeji mwambie unakuja kumwona mtoto. Hutakuwa umemdanganya.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Faustina, mama Happy