Mwalimu Abuzar na Kikao cha Jumamosi

Baba, mwaka umekatika tangu ulipofumba macho, asubuhi ya Jumamosi, siku ya kikao. Hata kuondoka uliondoka kwa ratiba.

Tumechoka, Baba. Tunaanza na hilo kwa sababu hukupenda watu wa kuzungukazunguka. Miaka ishirini na miwili ulikuwa katibu wa kamati ya kudai chuo kikuu cha umma hapa Temeke, na sebule yetu ya Mtoni ndiyo ilikuwa ofisi. Hatukuwahi kuwa na Jumamosi ya kwetu wenyewe.

Ulifundisha historia na ikakukaa kichwani. Kila mheshimiwa alipokuja na ahadi mpya, na kila Kinondoni walipotaka chuo kiende kwao, ulitusimulia habari za nchi za mbali katika karne ya kumi na tisa: miji ikigombea chuo kimoja, wanasiasa wakiapa kwamba mtoto wa mkulima hana haja nacho. "Wale walivutana miaka na miaka," ukasema. "Sie bado wachanga." Taqi akakujibu, "Baba, mie uchanga umenishinda." Ulicheka mpaka miwani ikaanguka.

Tunaukumbuka upole wako. Zubeda wa genge la nyanya alikuletea barua za shule za wanawe umsomee, na hukumrudisha hata siku moja.

Wajumbe walipungua. Wengine walihama, wengine walikata tamaa, wengine walitangulia mbele ya haki. Mkabaki wewe na Mzee Gaudens, na katiba ya kamati ilitaka watu watatu. Kila Jumamosi saa nne mlisubiri nusu saa, kisha ukaandika kwa mwandiko wako mzuri: "Akidi haikutimia. Kikao kimeahirishwa." Mama alikuwa hapohapo na birika la chai ya tangawizi. Ulimwomba ajaze fomu ya ujumbe, akasema, "Siasa zenu mie siziwezi." Basi hukumhesabu, maana kudanganya hukujua. Lilituudhi sana jambo hilo.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya wizara: kamati ithibitishe kwa kikao halali kwamba bado ipo, la sivyo ombi la chuo lifungwe. Tulikuwa tayari kuliacha lifungwe. Tuseme kweli, tulishaanza kutia mafaili yako kwenye maboksi.

Mama akachukua daftari la mwisho, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Akidi haikutimia. Akidi haikutimia. Alilia, Baba. Kisha akasema, "Shaheen, nipe kalamu. Na wewe chukua fomu yako, usinitazame."

Jumamosi hii, baada ya kukusomea Fatiha, walikaa sebuleni Mzee Gaudens, Mama na Shaheen. Chai aliipika Taqi, tangawizi ikazidi. Hatujui kama chuo kitajengwa, na wengine wetu hatuamini kabisa. Ila barua imejibiwa.

Unakumbukwa na mkeo Khatija, wanao Shaheen na Taqi, dada yako Lubaba wa Mwananyamala, na rafiki yako Gaudens, ambaye bado anafika kabla ya saa.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Kwenye daftari lako, chini ya mstari wako wa mwisho, Mama ameandika kwa mkono wake: "Akidi imetimia. Kikao kimefunguliwa."