Lori Lilivyomvunja Masanja Mkono

Bariadi, Ijumaa, 27 Juni 1975

Milembe mke wangu,

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi limeingia mpaka kwenye sahani. Ni mwezi wa tatu sasa tangu tukuzike. Nilipita kaburini nikashindwa kusema, kwa hiyo naandika.

Kaka yako Masanja amevunjika mkono, na aliyemvunja ni mimi.

Jumatano nilirudisha distribyuta, ile inayogawa cheche za injini, kwenye lori la kijiji baada ya kuisafisha. Unaijua kazi hii. Mimi nilikuwa naizungusha kidogo kidogo, nawe umeshika karatasi ya sigara iliyobanwa kwenye platini, vile vyuma viwili vya ndani yake vinavyogusana na kuachana. Platini zikianza tu kuachana, karatasi ilikuwa inatoka, nawe unasema, "Hapo, kaza!" Hapo cheche inapiga kwa wakati wake. Ulikuwa unaikunja karatasi ile na kuiweka kwenye pindo la kanga, tuitumie tena.

Sikutaka mtu mwingine aishike. Nikakadiria kwa jicho, nikakaza nati.

Masanja, dereva wetu, aliniuliza mbele ya watu waliokuwa wakipakia pamba, "Mlamu, umepima kweli, au unabahatisha?"

"Wewe piga hendeli. Ufundi niachie mimi."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Piga, Masanja! Au ugali wa asubuhi umeshaisha tumboni?"

Akaichomeka hendeli mbele ya lori, akaizungusha kwa nguvu ili injini iwake. Cheche iliwahi mno, injini ikarudi nyuma kwa nguvu, na hendeli ikampiga mkono wa kulia. Niliusikia mfupa.

Kabla hata hajainuka, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimekwambia mara ngapi usizungushe kidole gumba kwenye hendeli?"

Sijapata kumwambia hivyo hata siku moja. Na alikuwa ameishika vizuri, gumba upande mmoja na vidole vingine.

Walipompeleka hospitali, nilibaki peke yangu na lori. Nikapima kwa karatasi, nikaona nilivyokosea. Nikairekebisha distribyuta kimya kimya, nikafuta mikono. Jana dereva mwingine alipiga hendeli mara moja tu, lori likawaka. Basi kila mtu akaamini kosa lilikuwa la Masanja.

Leo mchana kamati ya kijiji ilikaa kwenye ghala la pamba. Mzee mmoja alianza kuniuliza habari za ile distribyuta. Mwenyekiti akamkatiza, "Mwacheni fundi, bado ana msiba."

Nikainamisha kichwa.

Nilijificha nyuma ya kifo chako, Milembe. Masanja naye hakunipinga. Nadhani ni kwa ajili yako. Kamati ilipomwachisha udereva, akautoa ufunguo wa lori mfukoni, akauweka mezani mbele yao, akatoka. Unajua alivyolipenda lori lile, alivyokuwa akilifuta vioo hata siku lisiposafiri.

Jioni nilikwenda kwake. Mkewe akatuandalia ugali na mlenda. Masanja akanitania, "Mlamu, dereva mpya umempima gumba? Uchague mwenye fupi." Tukacheka, mimi kwa shida. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kwenye ugali, akasita.

"Nisamehe, mlamu. Nitakula kwa kushoto."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Nikarudisha tonge sahanini. Nikamweleza yote: jicho langu, karatasi, na nilivyoirekebisha distribyuta walipoondoka. Akakisukuma kando kibakuli cha mlenda. Nilitamani anitukane.

Mwishowe akasema, "Mimi umeshaniambia. Sasa kawaambie wale waliochukua ufunguo."

Kesho asubuhi, watu wakija kupakia, nitasimama mbele yao niseme. Naogopa. Huenda wasinipe tena injini yoyote kijijini hapa, na sina kazi nyingine ninayoijua. Lakini nikinyamaza kesho, nitanyamaza maisha yangu yote.

Nimekuwa mtu mwingine, siye yule uliyekubali akuoe. Hata hivyo, mke wangu, nakuomba unikumbuke.