Spea ya Kibodi ya Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu, na zikukute wewe, shemeji na watoto mkiwa na afya njema. Sisi huku tunakula, tunalala, na asubuhi nafungua karakana kama kawaida. Wifi yako bado analia akikunja nguo za Baba. Mimi sijalia hata siku ya mazishi. Nimekufa ganzi tu, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na majirani wananisifu kwamba nimejikaza kiume. Waache wasifu.

Barua yako ya kutuarifu kwamba unakuja niliipata wiki iliyopita. Umeniuliza jambo moja: kama Baba, kabla hajatutoka, alisema lolote kukuhusu. Najua kwa nini unauliza. Tangu uolewe bila kumwambia hamkuwa mkisemezana, miaka sita sasa, kisha kiharusi kikaja kikamwondolea sauti. Nitakujibu, ila nivumilie nianzie kwenye chai.

Baada ya kuugua, Baba alizungumza kwa laptopu. Nilimpa moja kuukuu ya karakana, nikamkuzia herufi. Mtu aliyepiga chapa mahakamani miaka thelathini hakubali kushindwa kwa sababu amebaki na mkono mmoja. Aliandika kwa mkono wa kushoto, halafu anagonga meza kwa kijiko mpaka mmoja wetu aje asome. Tunakuta ameandika kwamba chai imepoa. Tukigeuka tu, kijiko tena: dirisha lifungwe. Kijiko tena: yule mteja wangu mwenye miwani nisimwamini hata kidogo. Na nukta haikosi mahali pake! Wifi yako akambandika jina la Bwana Karani, naye akalipenda, akawa analiandika juu ya ukurasa kila asubuhi.

Jumatatu moja kikombe kilimponyoka, na chai ya maziwa yenye sukari tele ikaingia yote kwenye kibodi. Nilifanya kile ninachowahimiza wateja kila siku. Niliizima palepale, nikachomoa betri, nikaiacha kifudifudi juu ya taulo. Wifi yako alitaka tuiwashe tuone kama ni nzima. Nikamwambia ukiiwasha ingali mbichi ndiyo umeiua. Kesho yake nikaifungua. Ndani hakukuungua kitu, ila vitufe vilikuwa vimegandana kwa sukari. Nilisugua kwa mswaki na spiriti mpaka vidole vikanikauka, lakini A na N zilikataa katakata kuinuka. Nikakumbuka laptopu mbovu iliyokuwa rafuni, ya aina ileile. Nikang'oa kibodi yake, nikaifunga kwenye ya Baba. Kabla ya chakula cha mchana ikawaka. Nilijaribu herufi zote, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyogoma.

Dada, hiyo ilikuwa Jumanne. Baba alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Ile Jumanne nyumba ilikuwa kimya. Nilikunywa chai yangu mpaka tone la mwisho bila kusikia kijiko. Nilikuwa nimechoka, dada, nimechoka mno, na sikuwa nimemwambia mtu. Nikaitia laptopu kwenye droo, nikaenda kumwambia Baba kwamba nasubiri spea. Ndio uongo wa kazi yetu, hakuna fundi asiyeusema. Mteja akishaambiwa hivyo huenda zake. Nilikusudia nipumzike siku moja. Zikawa mbili, zikawa tisa. Hata wifi yako hajui. Mpaka leo anailaumu ile spea.

Jumatano, siku moja kabla hajatutoka, nilikuwa namtandikia kitanda. Alinishika mkono, akaufungua, akaanza kuandika kwa kidole kiganjani. Herufi ya kwanza ilikuwa M. Jina lako linaanza na M, lakini maji pia, na mto pia. Mteja aliita mlangoni. Nikamwambia Baba asubiri kidogo, kibodi itafika kesho, ataandika yote. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Kisha akanikunja vidole yeye mwenyewe, taratibu, akaniachia mkono niende kwa mteja.

Basi jibu la swali lako sina, na aliyekunyima ni mimi. Sikuombi unisamehe. Nilitaka ulijue hili kabla hujafika, maana utanikuta nimekaa kimya na utadhani ni uchungu wa msiba.

Nisalimie sana shemeji, na watoto uwabusu. Wifi yako anasema uje na nguo za kutosha, chumba cha Baba ameshakifagia kwa ajili yako. Ukipenda mwambie, ukipenda nyamaza. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi