Ameze Mpaka Iishe

Kikwe, Meru, Mei 1955

Mpendwa Mshauri, naomba unisikilize kabla hujanilaumu, mimi ni mke wa Yoeli, mkulima wa kahawa, na mume wangu alishikwa na homa ya mapafu, mganga wa dispensari akampa vidonge vya salfa vya siku saba akaniambia, "Ameze mpaka iishe," basi siku ya tatu homa ikaisha, akaomba ndizi akala, nami nikamshukuru Mungu, vidonge vilivyobaki nikavitia koponi kisha nikawagawia majirani waliokuwa wakikohoa, viwili huyu, viwili yule, kama tunavyogawana mbuzi akichinjwa, maana kwetu kujifungia na kitu chako ni aibu. Sasa homa imerudi kwa nguvu, amepewa vidonge vilevile na havimsaidii, mganga anashangaa, nami naona haya kumwambia, na leo asubuhi jirani yangu Ndeshi amekuja kuniomba viwili vya mwisho ampe mtoto wake. Naogopa Yoeli atanifia. Nifanye nini?

Eunike

JIBU

Bibi Eunike, pole sana. Na moyo wako sina ugomvi, ila na sikio lako ninao. Mganga alisema dawa iishe, wewe ukasikia homa. Naye alaumiwe kidogo, angetaja jina la kitu.

Wewe ni mkulima. Jua likiunguza maharage, mashina machache husalimika kwa sababu yalizaliwa na uvumilivu huo, na mbegu zake huurithi. Vijidudu vya ugonjwa ni vivyo hivyo. Katika kuzaana kwao, mara chache kimoja hutokea na badiliko katika asili yake, dawa isikiweze, na watoto wake wote huwa kama yeye. Ulipokatiza dawa, huenda vinyonge vilikuwa vimekufa, sugu vikaachiwa shamba zima. Si mwili wa Yoeli uliozoea dawa. Vijidudu ndivyo vimekuwa uzao mwingine.

Haya ya nini, na mume yuko kitandani? Nenda dispensari leo, ueleze alimeza siku ngapi na uliwagawia nani, ili Yoeli apelekwe hospitali mjini akachomwe sindano ya penisilini. Majirani wanaokohoa waende pia. Kopo lipeleke lilivyo, na umchukue Ndeshi na mtoto wake mwende pamoja. Vidonge viwili havitamponya, kwa hiyo hujamnyima kitu.

Na mganga akikupa tena dawa, usitoke mlangoni kabla hujamuuliza: iishe nini?